SOMO LA AFYA KAZINI: DUBU, KAMONGO NA FIGO ZA MFANYAKAZI



Somo letu la safari hii linahusu figo. Katika matawi yetu mengi wamo wenzetu wanaougua ugonjwa huu, na wengine tumekwisha wazika. Mashine za kusafisha damu ni chache katika nchi zetu, ziko katika miji mikubwa, na nauli peke yake humshinda mtu wa kipato cha chini. Kwa hiyo kila habari ya utafiti juu ya figo tunaipokea kwa hamu.

Wanachama wameuliza maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli wako wanyama wanaolala nusu mwaka bila kula, bila kunywa na bila kukojoa, kisha wakaamka wazima? La pili: kama ni kweli, je, jambo hilo laweza kumsaidia binadamu mwenye ugonjwa wa figo?

Swali la tatu halikutoka kwa wanachama. Lilitoka kwa msimamizi mmoja wa shamba, tulipodai mapipa ya maji yapelekwe karibu na wakataji miwa. Alisema: "Mnyama anakaa miezi bila maji. Nyinyi mnalilia maji kila saa. Mwili huzoea." Wenzetu walikosa jibu siku hiyo. Tukimaliza somo hili kila mmoja wetu atakuwa nalo.

1. FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Mtu ana figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, na kila moja ni kubwa kama ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Karibu sehemu moja katika tano ya damu inayosukumwa na moyo hupelekwa huko. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa katika damu. Lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka nje kuwa mkojo.

Ni uchafu gani unaotolewa? Tukila maharage, samaki, nyama au mayai tunapata protini, na protini ndiyo inayojenga misuli. Lakini protini ina naitrojeni ndani yake. Mwili unapoivunja, naitrojeni hubaki kama majivu yanavyobaki jikoni. Kwanza huwa amonia, ambayo ni sumu kali. Harufu yake mnaijua: ni ile ya choo cha mkojo kisichosafishwa. Ini huigeuza amonia ikawa yurea, ambayo sumu yake ni ndogo, na figo huitoa yurea katika mkojo. Misuli nayo hutoa taka nyingine iitwayo kreatinini. Daktari akitaka kujua hali ya figo hupima vitu hivi katika damu. Vikipanda, ni dalili kwamba vichujio havifanyi kazi vizuri.

Figo zikishindwa kabisa, njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kusafisha damu, mara nyingi kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na karibu saa nne kila mara. Mashine hiyo ilibuniwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Alitumia vifaa alivyoweza kupata, pamoja na karatasi laini ya kufungia soseji. Njia ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Njia zote mbili zimeokoa maisha ya watu wengi, lakini zote mbili ni ghali.

Sasa tuwatazame wanyama watatu. Kila mmoja ana njia yake ya kukaa muda mrefu bila kukojoa.

2. KAMONGO: ANAYEWEKA TAKA GHALANI

Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria hatuna haja ya kwenda mbali. Samaki huyu Wajaluo humwita kamongo, na Waganda humwita emmamba, nao wana ukoo mkubwa wenye jina lake na mwiko wa kumla. Wengine humwita kambare mamba. Ni samaki mwenye mapafu, na lazima apande juu kuvuta hewa.

Akiwa majini, taka zake nyingi hutoka kama amonia na kupotelea katika maji. Bwawa likikauka, kamongo huchimba tope, hujikunja humo, na hutoa ute unaokauka na kumfunika kama mfuko, ukiacha tundu la kupitishia pumzi. Anaweza kukaa hivyo miezi mingi. Hali, hanywi, hakojoi. Anaishi kwa kula misuli yake mwenyewe polepole.

Hapo amonia ingemwua. Kwa hiyo mwili wake huigeuza kuwa yurea na kuiweka. Yurea hujikusanya katika damu na nyama yake mpaka kufikia kiasi ambacho daktari akikiona katika damu ya mtu angeshtuka. Mvua ikinyesha, mfuko hulainika, kamongo hurudi majini na kuitoa yurea yote. Ni kama kiwanda kilichofungiwa barabara, kikaweka taka zake uani katika mapipa yaliyofungwa vizuri mpaka njia ifunguliwe.

Jambo hili lilimvuta Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo wa Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Ziwa Victoria kuwatafuta samaki hawa. Mwaka 1932 alitoa kitabu alichokipa jina la samaki huyo: Kamongo. Katika miaka hiyo ya 1930 yeye na wenzake waliendeleza njia ya kupima figo za mtu huchuja kiasi gani kwa dakika, kwa kutia katika damu kitu kiitwacho inulini na kupima kinavyotoka katika mkojo. Vipimo vya figo vya leo vimejengwa juu ya kazi hiyo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kumchunguza mnyama wa topeni ni mchezo. Mmoja wa watu walioweka msingi wa elimu ya figo alikuja hapa kwetu kumsoma samaki.

3. DUBU: ANAYEYEYUSHA CHUMA CHAKAVU

Dubu hatunaye. Anakaa katika nchi za baridi kama Marekani, Kanada, Urusi na Sweden. Majira ya baridi yakija chakula hukosekana, naye huingia katika pango au shimo na kulala miezi mitano, sita, hata saba. Muda huo wote hali, hanywi, hakojoi wala haendi haja kubwa. Dubu jike huzaa na kunyonyesha akiwa humo humo.

Usingizi huu si kama wetu. Mwaka 2011 wataalamu wa Alaska walitangaza vipimo vya dubu weusi waliowafuatilia majira yote ya baridi. Moyo uliokuwa ukipiga mara 55 kwa dakika ulishuka mpaka mara 14 hivi. Joto la mwili lilishuka kidogo tu, likawa kati ya digrii 30 na 36. Lakini moto wa mwili, yaani nguvu anayoitumia kuishi, ulishuka mpaka robo ya kawaida yake.

Anaishi kwa nini? Kwa mafuta aliyojiwekea kabla ya baridi. Hapa pana jambo muhimu. Mafuta hayana naitrojeni. Yakichomwa mwilini hayaachi yurea. Tena hutoa maji: gramu 100 za mafuta zikichomwa kabisa hutoa karibu gramu 107 za maji. Kwa hiyo kibuyu cha dubu kimo ndani ya mafuta yake.

Hata hivyo kila mwili hai huvunja protini kidogo, na yurea kidogo lazima itokee. Figo za dubu huendelea kuchuja, ingawa polepole sana. Mkojo mchache unaoingia kibofuni hunyonywa tena na ukuta wa kibofu na kurudi katika damu. Mtu akipatwa na hali hiyo, damu yake itachafuka baada ya siku chache. Dubu hachafuki. Kwa nini?

Daktari Ralph Nelson wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, alilichunguza swali hili na kutangaza matokeo mwaka 1973. Yeye na wenzake walionyesha kwamba dubu aliyelala hutumia upya naitrojeni ya yurea. Yurea huingia utumbo, na vijidudu vya utumboni huivunja. Naitrojeni iliyotoka humo huunganishwa na mabaki ya mafuta na kujenga protini mpya. Protini hiyo hurudi katika misuli na sehemu nyingine za mwili.

Wafanyakazi wa viwanda vya chuma wataelewa upesi. Fundi hatupi chuma chakavu, anakirudisha katika tanuru na kumimina kipuri kipya. Dubu hufanya hivyo kwa taka ya mwili wake. Ndiyo maana anaamka akiwa amepungua mafuta, lakini misuli yake imepungua kidogo tu na mifupa yake haikudhoofika. Mtu akilazwa kitandani miezi mitano hawezi hata kusimama.

Nchini Sweden wataalamu wamekuwa wakichukua damu ya dubu wa mwituni, mara moja katika usingizi wa baridi na mara nyingine wakati wa kiangazi. Vipimo walivyotangaza mwaka 2013 vilionyesha jambo lile lile: wakati wa baridi kreatinini hupanda sana, kwa kuwa uchujaji umepungua, lakini yurea iko chini. Kwa mgonjwa wa figo vyote viwili hupanda pamoja. Tena majira ya joto yakirudi figo za dubu hurudia kazi kamili, mwaka hadi mwaka.

4. KINDI WA SHIMONI: ANAYEFUNGA LANGO

Mnyama wa tatu ni kindi wa Amerika ya Kaskazini anayeishi katika mashimo ya ardhini. Huyu huzimika kuliko dubu. Joto la mwili wake hushuka mpaka digrii chache tu juu ya barafu. Kwa kindi wa Alaska limepimwa mpaka karibu digrii 3 chini ya sifuri. Hapo damu huenda kwa shida na figo karibu zinaacha kuchuja kabisa. Kila baada ya wiki moja, mbili au tatu mwili wake hupata moto tena kwa saa chache, figo zinafanya kazi, kisha analala tena.

Hili ni ajabu kwa daktari. Figo ya mtu ikikosa damu huumia, na damu inaporudi kwa ghafla huumia tena. Ndilo tatizo la kupandikiza figo: figo iliyotolewa huwekwa katika baridi na kukimbizwa kwa mgonjwa, na kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyoharibika. Kindi hupoza na kupasha figo zake mara nyingi katika msimu mmoja wala haziharibiki.

Kindi naye hutumia upya naitrojeni. Mwaka 2022 wataalamu wa Wisconsin na Montreal walionyesha kwamba vijidudu vya utumboni mwake ndivyo vinavyovunja yurea, na kwamba naitrojeni hiyo huingia katika protini za misuli yake. Kindi walioondolewa vijidudu kwa dawa hawakuweza kufanya hivyo vizuri.

5. WATAALAMU WANATAFUTA NINI?

Ndugu wasomaji, sasa tunaweza kulijibu swali la pili. Yako mambo matatu.

Kwanza, kutumia upya yurea. Binadamu naye hupitisha sehemu ya yurea yake utumboni, na vijidudu huivunja. Lakini sehemu kubwa ya amonia hiyo hurudi katika ini na kuwa yurea tena, faida ni ndogo. Mwaka 1963 daktari Mwitaliano, Carmelo Giordano, alijaribu kuwapa wagonjwa wa figo chakula chenye protini kidogo mno, lakini chenye zile sehemu za protini ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ili mwili utumie naitrojeni ya yurea kutengeneza zilizobaki. Mwaka 1964 Giovannetti na Maggiore, Waitaliano pia, waliifuata njia hiyo. Wagonjwa wengine walipata nafuu. Tangu hapo kupunguza protini kumekuwa sehemu ya matibabu ya wagonjwa wengine wa figo, kwa kipimo cha daktari. Mtu hajawa dubu kwa hilo, na akipunguza chakula ovyo atakonda na kufa kwa udhaifu. Swali la wataalamu ni hili: je, vijidudu vya utumbo wa mtu vyaweza kusaidiwa kufanya zaidi?

Pili, kulinda figo ya kupandikiza. Tukijua chembe za figo ya kindi hujilindaje na baridi, huenda figo ya mtu ikawekwa muda mrefu zaidi na ikaanza kazi upesi zaidi.

Tatu, kulinda misuli na mifupa. Mgonjwa wa figo wa muda mrefu hudhoofika misuli na mifupa. Dubu hupata hali inayofanana na ugonjwa huo kila mwaka, lakini hadhoofiki hivyo.

Tuseme ukweli. Mpaka leo hakuna dawa ya figo hospitalini iliyotokana na dubu au kindi. Mtu akikuuzia "dawa ya dubu" ya figo, mkatalie. Lakini kazi inaendelea, na njia imeonekana.

6. JIBU LA MSIMAMIZI

Sasa turudi kwa yule aliyesema kwamba mwili huzoea.

Jibu la kwanza: dubu asiyekunywa maji hafanyi kazi. Moyo wake unapiga mara 14 kwa dakika. Mkataji miwa yuko juani na panga mkononi, moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka lita baada ya lita. Dubu hakati miwa. Kamongo aliye topeni hasukumi toroli. Msimamizi akitaka tuishi kama dubu, basi atulaze miezi sita kwa mshahara kamili!

Jibu la pili: dubu hakujizoeza kwa kuvumilia. Mwili wake umeumbwa na mitambo ambayo wetu hauna. Kibofu chetu hakirudishi mkojo katika damu kwa kiasi cha kutuokoa, na utumbo wetu hauwezi kutumia upya yurea kwa wingi ule.

Jibu la tatu, nalo ni kubwa zaidi: ni kweli kwamba mwili wa mtu huzoea joto katika muda wa wiki moja au mbili. Lakini huzoea kwa kutoa jasho mapema zaidi na jingi zaidi. Kwa hiyo aliyezoea jua anahitaji maji mengi kuliko mgeni. Hakuna mwili wa mtu unaozoea kiu.

Ushahidi upo. Katika nchi za Amerika ya Kati, kama El Salvador na Nicaragua, vijana wengi wakataji miwa walishikwa na ugonjwa wa figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Madaktari wa El Salvador waliandika juu yao mwaka 2002. Kazi nzito katika joto kali na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazotajwa. Huko ulianzishwa mpango wa maji, mapumziko na kivuli. Katika shamba moja la Nicaragua lililoufuata mpango huo, vipimo vilionyesha wakataji wanaoumia figo wamepungua.

7. LA KUFANYA MATAWINI

(a) Kudai maji safi mahali pa kazi penyewe, si ofisini. Kipimo kinachopendekezwa katika joto ni kikombe kimoja, yaani karibu robo lita, kila dakika 15 hadi 20.

(b) Kudai kivuli na mapumziko, na kazi nzito ianze asubuhi mapema.

(c) Mfanyakazi mpya apewe kazi ya juani kidogo kidogo. Wataalamu wa Marekani hupendekeza sehemu moja katika tano siku ya kwanza, na kuongeza sehemu moja kila siku.

(d) Kujihadhari na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Mtu aliyekaukiwa maji akivimeza kila jioni baada ya kazi anaziumiza figo zake.

(e) Kupimwa. Ugonjwa wa figo mwanzoni hauna maumivu. Kuvimba miguu na uso, mkojo wenye povu na uchovu mwingi mara nyingi huja ukiwa umekwisha kwenda mbali. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe damu na mkojo kila mwaka.

Mkiambiwa haya ni fadhila ya mwajiri, kumbukeni kwamba mwezi wa Juni 1992 haikuwa hivyo, lakini Juni 2022 Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza mahali pa kazi salama na penye afya katika haki za msingi za mfanyakazi.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Eleza tofauti kati ya njia ya kamongo, ya dubu na ya kindi. Nani anaweka taka, nani anaitumia upya, nani anasimamisha kazi?

2. Kwa nini kuchoma mafuta hakuongezi yurea?

3. Mwenzako amesikia habari za dubu, naye anataka kuacha kula na kunywa ili "kupumzisha figo". Utamwambia nini?

4. Pimeni kwa hatua: kutoka mahali mnapofanyia kazi mpaka kwenye maji ni mbali kiasi gani? Andikeni jibu, mpeleke kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.